Aliyeng'atwa Ndiye Mwizi

Mwanza,
Februari, 1996.

Tata mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kama unavyompokea mtu aliyechelewa kurudi shambani, kwa kununa kidogo, lakini zipokee. Natumaini kifua kimekuachia, na mama miguu haimsumbui sana msimu huu wa palizi. Mpe shikamoo yangu ya pekee. Mimi mwili wangu ni mzima. Nalisema hilo mapema ili mama asianze kulia kabla barua haijafika katikati.

Najua anayekusomea ni Felicitas. Dada, soma taratibu, usiruke mstari hata ukiona aibu. Na kama pana wageni waliokuja kunywa rubisi hapo barazani, wangoje waondoke kwanza.

Tata, utaona sikuandika anwani ya kunijibu. Sababu utaijua mbele. Mtu aliyekuletea barua hii mpe chakula, usimwulize alinifahamu wapi. Najua pia kwamba maneno yamekwisha kukufikia kupitia kwa watu waliopanda meli kabla ya Krismasi. Nimesikia kwamba huko nyumbani wanasema Mutalemwa alirogwa, na wengine wanasema alikula kiapo cha wizi kikamrudi. Juu yangu mimi wanasema pia. Usimjibu mtu kabla hujamaliza kusikiliza.

Unajua tulivyoondoka. Kahawa ilikuwa imekaa ushirika bila malipo, wanunuzi binafsi walikuwa bado hawajafika kwetu, na redio ilisema biashara sasa ni ruksa kwa kila mtu. Tukasema twende Mwanza kwenye samaki, mimi na Mutalemwa wa mama Kokulinda, tuliolala kitanda kimoja tangu tukiwa wadogo. Tulipata kazi kwenye kiwanda kimoja kilicho ufukweni. Mimi nilikuwa mbebaji, nashusha sangara kutoka kwenye malori ya barafu. Yeye alikuwa mchunaji. Kisu chake kilikuwa kikipita juu ya mfupa bila kuacha kitu, hata wachunaji wa zamani walikuwa wakisimama kumtazama. Minofu inapakiwa kwenda Ulaya. Vichwa na mapanki, yaani mifupa iliyobaki na nyama kidogo, wanauziwa akina mama wanaosubiri nje ya ukuta, wakakaange. Sisi tunaoibeba minofu hatuijui ladha yake. Wasukuma pale walituita "nshomile" kwa utani, kama Wahaya wote wamesoma, nami niliishia darasa la tano. Nikakubali jina, maana kukataa kungenichosha zaidi.

Wazee wa hapa wanasema enzi za shirika la umma mfanyakazi akiondoka na samaki kwenye gazeti hakuna aliyegeuza shingo. Sasa kila kitu kina mwenyewe. Minofu ikawa inapotea. Ilikuwa inatoka mlango wa mbele, ndani ya magari, na sote tulijua, lakini tajiri aliweka ulinzi kwenye mlango wa nyuma tunaotokea sisi. Akaleta mbwa mkubwa mweusi, akafungwa mnyororo hapo getini. Wafanyakazi tukampa jina la Karani, kwa sababu alikuwa akikaa pale jioni kama karani wa mahudhurio, akitukagua mmoja mmoja. Tukitoka tulipanga mstari, mikono juu. Aliyebwekewa alipekuliwa. Aliyeng'atwa hakupekuliwa. Msimamizi wetu, Ndalahwa, alipanda juu ya kreti akatutangazia amri hiyo: aliyeng'atwa ndiye mwizi, anaondoka hapo hapo bila haki yoyote na jina lake linakwenda polisi.

Mama mmoja wa meza ya kuchuna, Teodora, aliuliza itakuwaje mbwa akikosea. Ndalahwa akamwambia mbwa hana shemeji wala kabila, atampendelea nani? Watu wakacheka. Na kusema kweli, Tata, wengi waliona ni haki. Afadhali mbwa, walisema, kuliko mtu mwenye tumbo la rushwa. Hakuna aliyejiuliza mbwa angewezaje kumtambua mwizi wa samaki kati ya watu walioshinda ndani ya samaki. Sisi sote tulinuka sangara mpaka mkojo. Alipong'atwa mbebaji mmoja, watu walimwimbia njia nzima kwamba leo Karani amemwandika. Hakuonekana tena. Wa pili alificha jeraha lake kwenye soksi akaendelea na kazi. Tukaelewa wote: ukiandikwa, ficha.

Mimi na Mutalemwa hatukuishangaa amri ile kama wengine, kwa sababu tulitoka kwako. Unakumbuka ule mwaka mkungu wa ndizi ulipokatwa kwenye kibanja chako. Ulitupanga watoto wote wa majirani uani, ukamfungulia Tarishi, ukasema mbwa hamkosei mwizi. Tarishi alimlamba Mutalemwa mkono. Ukamshika bega, ukampeleka kwa mama Kokulinda, ukamwambia mbele ya watu kwamba yeye amezaa mtu. Mama yule alipiga magoti. Mpaka leo huwa anakisimulia kisa hicho akitoka kanisani. Mimi Tarishi alinibwekea. Yaliyofuata unayajua wewe, na mgongo wangu unayajua. Nimeyataja kwa sababu yana kazi katika habari hii.

Mutalemwa alikua na ule mkono uliolambwa. Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Pale kiwandani wote tuliokota kitu, kichwa kilichodondoka, kipande kilichochafuka, mimi sitakuficha. Yeye hakuchukua hata gamba. Teodora alikuwa akimtania kwamba akifa atazikwa na mapadri wawili. Na kwa Karani hakuwa na hofu. Jioni alipompita alimsalimia, habari za kazi Karani, na mbwa alitikisa mkia.

Kisha mbwa akabadilika. Mlinzi wa geti ni mzee wa Misungwi, Shimba, ndiye aliyekuwa akimlisha. Aliona Karani anaacha hata maini ya samaki. Mate yalimtoka kama uzi. Sauti yake ilipasuka ikawa kama ya kijana anayebalehe, akatafuna mnyororo, akala udongo. Nyuma ya ukuta pana shimo la matumbo ya samaki ambako mbwa wa mitaani hujazana, na mmoja wao aliwahi kupenya akapigana na Karani. Mzee Shimba alimweleza Ndalahwa. Ndalahwa akajibu kwamba mbwa amechoka na samaki, na mbwa mwenye njaa hulinda vizuri.

Jioni hiyo Mutalemwa alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Alimsalimia Karani kama kawaida. Mbwa hakubweka. Alimrukia akamkamata mkono wa kulia, chini ya kidole gumba, akang'ang'ania. Nilimpiga teke la mbavu. Akamwachia, akanigeukia mimi, akanizamisha meno kwenye shavu la mguu juu ya buti, kisha mzee Shimba akavuta mnyororo. Yote yalikwisha upesi. Macho ya watu wote yalikuwa kwa Mutalemwa. Suruali yangu ilikuwa imelowa damu ya samaki tangu asubuhi, na hapakuwa na wa kutofautisha damu na damu. Nikashusha mguu wa suruali nikanyamaza. Nilikuwa nimejifunza: ukiandikwa, ficha.

Ingawa aliyeng'atwa hakupekuliwa, Mutalemwa walimpekua, kwa kuwa hakuna aliyeamini: walimvua nguo mbele ya wanawake, wakamwacha na kaptula. Hawakupata kitu. Alikuwa anarudia kwamba hajaiba, mpekueni tena, mpekueni tena. Ndalahwa alimpenda, nakuambia kweli. Walikula sahani moja mchana. Alisimama akamtazama yeye, akamtazama mbwa, kisha akageuka kwetu akasema kwa sauti, "Huyu amejikata na kisu chake mezani. Kuna aliyeona mbwa?"

Teodora ndiye aliyeanza. Akasema, kisu. Aliyefuata akasema kisu. Likapita mstari mzima, kisu, kisu, kisu, kama watu wanaoitikia litania. Lilipofika kwangu nami nikasema kisu. Mutalemwa alilia kwa shukrani. Alimshika Ndalahwa mkono kwa ule mkono uliokuwa ukivuja damu.

Tata, adui wa Mutalemwa angekesha akitafuta njia ya kumwua, asingepata iliyo bora kuliko wema ule. Walimpeleka zahanati ya jirani, wakasema ni kisu, na mganga wa pale akafanya linalostahili kisu: alikishona kidonda, akakibana vizuri, sumu yote ikabaki ndani.

Mimi nilikwenda kwenye bomba la nyuma ya nyumba tuliyopanga kule Mabatini, nikaufulia mguu sabuni ya mche na maji mengi kwa muda mrefu. Sikufanya hivyo kwa akili. Nilikuwa nauchukia ule mdomo, nilitaka harufu yake initoke.

Siku chache baadaye Karani akafa peke yake kwenye mnyororo. Jumapili, baada ya misa, mzee Shimba alikuja kwetu amefunga kitu kwenye jani. Alikuwa amekata manyoya ya mbwa akayachoma, akayachanganya na mafuta ya nyonyo. Alisema kwao Misungwi mbwa anayekufa akidondosha mate haendi peke yake, huondoka na watu. Tupake dawa ile, na hospitali tuende pia, maana hujui uzima utaingilia mlango upi. Yeye alikuwa ameona meno yakiniingia, na hakumwambia mtu. Mutalemwa alichukua yale majivu akayapaka. Majivu hayaulizi swali. Hospitali alikataa. Alisema, nitakwenda niseme nini, na mimi nimejikata na kisu?

Nikaenda peke yangu. Nilimkuta muuguzi mmoja, sista Selina, mwanamke mkali kuliko mama siku za mahari. Aliniuliza mbwa yuko wapi. Nikamwambia amekufa mwenyewe. Akaiweka kalamu chini. Aliyonieleza siku ile nataka wewe uyajue, Tata, na uyaseme kanisani kama padri atakuruhusu, kwa sababu mbwa wako hapo uani nao wana meno. Mtu aking'atwa, oshea jeraha sabuni na maji yanayotiririka, osha mpaka uchoke, kisha osha tena. Usitie majivu, wala manyoya, wala mafuta. Usilishone. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali aonekane. Akibaki mzima kwa wiki mbili, shukuruni Mungu. Akibadilika au akifa, mmejua. Lakini mtu asisubiri kuona, aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano, na kidonda kikiwa kidogo aende vile vile. Zile habari za sindano kuzunguka kitovu zisimtishe, mimi walinichoma begani. Ugonjwa huo una nafasi moja tu ya kuzuiwa, nayo ni kabla haujaanza. Ukishaanza, alisema sista Selina, hata daktari anabaki kushika kofia.

Nilipata sindano zangu zote. Nilizipataje, hilo nitakuambia mwisho, kwa kuwa nataka kwanza ummalize Mutalemwa. Nilirudi nikamweleza kila neno, na njia niliyopitia nikamwonyesha: kwanza akiri kwa kinywa chake kwamba aling'atwa. Nilimwambia hata sasa hujachelewa. Tulikuwa tumekaa kwenye jiwe nje ya chumba, anajaribu kufungua na kufunga kidole gumba. Hakunikasirikia. Alinitazama kama anayemhurumia mtu, akasema:

"Wewe, Ponsian, Tarishi alikubwekea tangu utotoni, umeshazoea. Mimi mama yangu atasikia mbwa ameniuma. Unajua atakavyoelewa. Baba yako mwenyewe ndiye aliyemfundisha."

Nilimjibu kwamba baba yangu yuko ng'ambo ya ziwa na hachomi sindano. Akacheka. Nilirudia habari hiyo mara nyingi hata tukaanza kununiana, ikafika mahali nikimtajia mbwa anaondoka chumbani. Kidonda kilipona vizuri sana. Alinionyesha kovu lilivyonyooka, akasema unaona, nshomile?

Mvua za vuli zilipoanza, kovu likaanza kumwasha. Alijikuna mpaka akajitoa damu. Kisha mkono ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Hakulala. Alikasirika bila sababu, akaomba radhi, akakasirika tena. Mama mwenye nyumba, Sabina, alimletea chai asubuhi. Alipokifikisha kikombe mdomoni koo lilimkaba akakitupa ukutani. Mlango ulipofunguliwa upepo ukampiga usoni, akashikwa vile vile. Sabina akasema huyu amechezewa, na yeye anamjua mganga wa kienyeji ng'ambo, kule Kamanga. Nilipinga, Tata. Nilipiga kelele kwamba ni mbwa. Lakini mgonjwa mwenyewe alichagua Kamanga, kwa kuwa mganga hataandika kitu popote.

Tukapanda kivuko asubuhi. Mutalemwa, ambaye wewe ulimwona akiogelea mpaka kwenye mitumbwi ya wavuvi akiwa na umri wa kuchunga mbuzi, aliona maji yanamzunguka pande zote na upepo unarusha matone. Sina maneno ya kile kilichompata. Alitaka kuingia ndani ya mbao za sakafu. Aliukwangua mlango wa gari lililokuwa karibu, akilia kwa sauti ile ile iliyopasuka, ile ya Karani. Watu wakajitenga. Mmoja akasema mtu wa Bukoba kuogopa maji, huyo ana lake. Mwingine akasema wazi kwamba hicho ni kiapo cha wizi, amewahi kuona. Hayo ndiyo maneno yaliyopanda meli yakaja mpaka kwenu. Tulipofika Kamanga sikumshusha. Nilimfunika kitenge cha Sabina kichwa chote, nikamkumbatia tukarudi na kivuko kile kile.

Hospitalini sista Selina alimtazama mara moja tu, akajua. Alimsogelea akamwuliza kwa upole, nilikuwa sijui kama anao, ni lini mbwa alimwuma. Ugonjwa ule unamwachia mtu akili yake kwa vipindi, ndio ubaya wake. Mutalemwa alikuwa na akili timamu kabisa wakati ule. Alimwangalia machoni akasema, "Ni kisu, sista."

Nikasema ni mbwa. Nikasema mbele ya wote waliokuwapo, wagonjwa na waliokuja kuwatazama, kwamba ni mbwa wa kiwanda na mimi nilikuwapo.

Mutalemwa aligeuza uso polepole akanitazama. "Ponsian," akasema, "umeniua."

Hakuniambia neno lingine. Alikufa kesho yake. Tulimzika hapa Mwanza, maana hapakuwa na njia ya kumsafirisha. Wachunaji walikuja wote na aproni zao. Teodora alikaa chini kwenye udongo. Ndalahwa alikuja pia, akalia kuliko wengine, na mbao za jeneza alitoa yeye. Sijui nimweke fungu gani, Tata. Huwa namfikiria sana.

Sasa nakuambia zile sindano.

Sista Selina aliponiona mara ya kwanza aliniambia dawa ipo lakini si ya bure tena, siku hizi kila mtu anachangia, na jeraha la mbwa linataka fomu ya polisi, ili mwenye mbwa abanwe alipe. Nilikwenda kituoni. Sajenti mmoja aliyeitwa Kashindye akapiga simu kiwandani. Kiwanda kikajibu kwamba mbwa wao huwa hamng'ati asiye mwizi. Kama mimi nimeng'atwa, basi wao ndio wenye mashtaka. Wakaongeza kwamba nikisema sikung'atwa, kazi yangu ipo. Sajenti aliweka simu chini akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka kama mimi. Aliniambia hivi: raia wa kawaida analipa, na mimi sina kitu, lakini mtuhumiwa aliye mikononi mwa serikali akiwa na jeraha, serikali ndiyo inayomtibu. Hakuniambia nifanye nini. Alisogeza tu karatasi mezani.

Nikaandika kwamba niliiba minofu, mbwa akanikamata. Nikatia sahihi. Nilipelekwa hospitali siku ile ile, nimeshikwa mkono na askari, na watu wa sokoni wananitazama. Mzee Shimba akaniwekea dhamana, ndiyo maana nilikuwa nje kumwuguza Mutalemwa. Hiyo ndiyo njia niliyokuwa nikimwonyesha kwenye lile jiwe. Mlango ulikuwa mmoja tu, umeandikwa mwizi. Mimi niliinama nikapita. Yeye alikataa kuinama.

Kesi yangu ilisikilizwa baada ya mazishi. Ndalahwa aliapa kwa Biblia kwamba siku ile mbwa alimng'ata mtu mmoja tu, ambaye ni mimi. Nilipopewa nafasi nikasema kweli, kwamba sikuiba. Hakimu akauliza kama nilipigwa nilipokuwa naandika maelezo. Nikasema hapana, sikupigwa. Akauliza, basi kwa nini uliandika? Nikamjibu, ili nichomwe sindano. Mahakama nzima ilicheka, na karani wa pale, karani mwenye suti, alilazimika kuinama chini ya meza. Nikafungwa. Barua hii naiandika gerezani, Tata, na atakayekuletea anatoka kesho, amemaliza kifungo chake. Mimi nitatoka mkiwa mnaanika kahawa.

Kwa hiyo katika vitabu vya serikali yule mbwa alikuwa mzima, alimng'ata mwizi, na Mutalemwa alijikata na kisu. Kiwandani wamekwisha kuleta mbwa mwingine. Nimesikia ni wa rangi ya kahawia.

Nina ombi moja. Mama Kokulinda hajui la kushika. Nenda kwake, Tata, si jioni wakati hakuna watu. Nenda Jumapili wakitoka kanisani, pale pale ulipomsifu mwanawe zamani. Mwambie Mutalemwa aliumwa na mbwa mgonjwa. Tumia neno hilo, mbwa, usilifunike. Kisha mwambie hakuchukua hata gamba la samaki, na kwamba mbwa hajui kitu, mbwa wa tajiri hajui na Tarishi hakujua. Ukisema wewe atasadiki, kwa kuwa la kwanza pia alilisadiki kwako. Akikuuliza juu yangu, mwambie nimefungwa kwa wizi. Usinitetee. Jina hilo ndilo lililoniachia mkono ninaoandikia.

Nisalimie Felicitas, ambaye najua sasa hivi anafuta macho kwa kanga na herufi zinamkimbia. Nisalimie mama, mwambie chakula kipo, na usiku tunalala wengi hata baridi haituoni. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniuliza pia wasalimie.

Na wewe, Tata, kaa salama. Sikuombi uje kuniona, safari ni ndefu na kifua chako hakipendi upepo wa ziwa. Ila nimekaa na watu wengi sana humu ndani wanaosema hawakuiba, na nimegundua hakuna anayetaka aambiwe pole. Kila mmoja anamtaka mtu mmoja tu amsadiki. Ule mwaka wa mkungu wa ndizi, asubuhi yake, nilikuwa nimemkanyaga Tarishi mkia gizani nikienda kuchota maji. Ndiyo maana alinibwekea. Nilijaribu kukuambia ukiwa umeshika fimbo, hukunisikia.

Ndizi zile sikuzikata mimi.

Mwanao,
Ponsian.